Bajeti ipo, ukumbi upo, mpiga picha ndo tumekwama: maswali yenu mwezi huu

Mwezi huu maswali ya picha za harusi yamekuja mengi kuliko ya kumbi na magauni, na mengi yametoka kwa watu ambao hela kwao si shida, shida ni kuchagua. Nimechukua manne. Mliouliza kuhusu magari ya msafara mnivumilie mpaka toleo lijalo.

Anti habari za kazi. Mimi na mchumba wangu tunafunga ndoa mwezi wa 12 hapa Dar, sendofu Moshi wiki mbili kabla, halafu ukumbini Mlimani City watu kama 600. Kamati imeshasema hela ya picha isitusumbue. Tumebakiwa na wapiga picha watatu. Wa kwanza picha zake zina rangi nzito za giza giza kama sinema, na ndo ghali kuliko wote. Wa pili hakupangi, anazunguka tu humo ndani anapiga. Wa tatu ni yule wa kupanga watu kwa mistari, mama anamtaka huyo sababu ndo alipiga harusi ya dada. Mchumba wangu anamtaka wa pili, mimi namtaka wa kwanza maana nikifungua Insta yake moyo unaruka. Tunagombana kila siku. Tumchukue nani? – Bibi harusi mtarajiwa, Mbezi Beach

Mdogo wangu hongera sana. Nianze na jambo ambalo najua hutalipenda: ukurasa wa Insta hauwezi kukuambia huyo mtu atapigaje harusi yako. Pale ameweka picha moja moja bora kutoka kwenye harusi kibao, na nyingine wala si harusi, ni modo kavalishwa shela wakaenda ufukweni saa kumi na moja jioni mwanga ukiwa mtamu, hakuna mgeni hata mmoja, hakuna MC anayekimbiza ratiba, hakuna mjomba anayesimama mbele ya kamera na simu yake. Nyie mnamlipa akae na nyie kuanzia unapopakwa mekapu asubuhi mpaka watu wamevua viatu wanacheza saa sita usiku, na masaa yote hayo yanatakiwa yatoe picha. Kwa hiyo kabla hamjagombana tena waambieni wote watatu wawaonyeshe harusi moja nzima, ile folda yote aliyomkabidhi mteja kwa ruhusa ya mteja mwenyewe, na iwe inafanana na yenu, yaani ukumbini, usiku, watu wengi, maharusi weusi. Anayekwepa kwepa hilo mtoeni, hata kama ndo huyo ghali.

Mkishapata hizo folda angalieni nini? Mi huwa naenda moja kwa moja kwenye picha za saa tatu usiku. Kumbi zetu siku hizi zina mataa ya LED ya zambarau na bluu, mapambo yanapendeza kwa macho ila kwenye kamera uso wa mtu mweusi unageuka bluu au unapotea kabisa yanabaki meno na shela. Mpiga picha anayejua kazi yake anakuja na flashi zake anazisimamisha pembeni ya ukumbi, anaongea na mtu wa mapambo mapema mwanga mweupe kidogo uwepo pale maharusi wanapokaa na pale pa kukatia keki. Asiyejua anakuambia "tutarekebisha kwenye kuediti". Rangi ya taa ikishameza uso haitoki yote kwenye kuediti, asikudanganye mtu. Na kuna zile taa ambazo kamera ikipiga kwa spidi kubwa zinaacha mistari mistari kwenye picha, muulize kama ameshakutana nazo na anafanyaje, jibu lake litakuambia mengi.

Halafu ngozi, na hapa nasema kwa uchungu kabisa. Kuna tabia ya kumng'arisha bibi harusi mpaka mama yake mwenyewe anauliza huyu nani. Enzi za filamu rangi zilikuwa zinapimwa kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa kizungu, ngozi zetu zikawa zinatoka kama kivuli, angalau wakati ule unaweza kulaumu filamu. Leo kamera zinaweza kuonyesha kila rangi ya ngozi tuliyonayo, kwa hiyo mtu akikutoa mweupe ameamua yeye. Chukua picha za huyo wa rangi nzito, tafuta bibi harusi mwenye rangi kama yako, halafu angalia mikono yake na shingo yake kama vinafanana na uso. Kama havifanani umeshajua kinachofanyika. Na kwa huyo huyo, giza likiwa zito sana angalia kama macho ya watu bado yanaonekana, maana wengine wanaficha mwanga mbovu humo humo kwenye "staili".

Sasa staili yenyewe. Hiyo ya mchumba wako, ya kutokupanga watu, wenye hela kubwa duniani wameipenda muda mrefu. Mmarekani Denis Reggie ndo mmoja wa walioipa jina, na ndiye aliyepiga ndoa ya John F. Kennedy Jr., mtoto wa yule Rais Kennedy wa Marekani, na Carolyn Bessette tarehe 21 Septemba 1996, kisiwa cha Cumberland, jimbo la Georgia. Hawa wangeweza kuchukua kanisa lolote Marekani na jeshi zima la makameramani, wakachagua wageni kama 40, kikanisa cha mbao kisicho na umeme, mishumaa, na mtu mmoja anayejua kukaa asionekane. Ile picha ya bwana harusi anabusu mkono wa mkewe wakitoka kanisani ilizunguka dunia nzima, na hakuna aliyewapanga. Upande mwingine Harry na Meghan mwaka 2018 picha zao rasmi walimpa Alexi Lubomirski, mtu wa magazeti ya fasheni, akawapanga vizuri kabisa pale Windsor. William na Kate mwaka 2011, picha za familia ndani ya Buckingham Palace alipiga Hugo Burnand, na muda aliokuwa nao kwa ukoo wote ule ulikuwa kama nusu saa.

Nusu saa, mdogo wangu. Ndo maana nasema mama yako hajakosea, anachotaka ni kitu halali kabisa, anataka aone upande wa baba wamesimama wote, wajomba wote, bibi kakaa katikati, na mpiga picha wa kuzunguka asipoambiwa hilo atakuletea vicheko mia tatu na hamna hata moja yenye bibi na wajukuu wote. Lakini kazi hiyo haihitaji kumeza siku nzima. Kaeni na mama muandike makundi, yasizidi kumi na mbili, teueni mtu mmoja kila upande mwenye sauti na anayewajua ndugu kwa sura (dada mkubwa anafaa sana, rafiki wa ofisini hafai), na ifanyike mara tu baada ya kanisa kabla watu hawajapanda magari, maana wakishafika ukumbini wakaonja vinywaji huwapati tena.

Ushauri wangu, mchukueni wa pili kama folda yake ya usiku inaridhisha. Umuwekee kwenye mkataba hiyo nusu saa ya familia na saa moja yenu wawili ya picha za kupangwa, na kwa watu 600 awe na mwenzake, mmoja hawezi kuwa kwa bibi harusi saluni na kwa bwana harusi hotelini kwa wakati mmoja. Sendofu ya Moshi kama mama bado moyo haujatulia mpeni yule wa tatu. Huyo wa kwanza namuacha, na bei siyo sababu. Rangi za kuediti zinachuja haraka kuliko kitu chochote kwenye harusi. Si mnazikumbuka albamu za miaka ya 2000, bibi harusi kawekwa ndani ya ua la waridi, bwana harusi ndani ya glasi ya waini? Wakati ule ndo ilikuwa ghali na ndo ilikuwa ya kisasa.

Na kitu cha mwisho, ukilipia jina hakikisha jina ndo linakuja. Studio kubwa zina vijana wengi, Jumamosi moja ya Desemba wanaweza kuwa na harusi tatu, unamuona bosi kwenye kikao cha kamati halafu siku yenyewe anakuja kijana hujawahi kumuona. Jina la atakayeshika kamera liandikwe kwenye mkataba.

Assalaam alaykum. Binti yangu aolewa baada ya Ramadhani inshallah. Nikahi ni msikitini, na sherehe ya kupamba bibi harusi twafanya ukumbini Nyali, wanawake watupu. Babake hataki picha hata moja ya wanawake itoke nje. Binti naye ataka albamu nzuri kama za wenzake. Tumeelekezwa kwa kampuni ya akina dada, wasema wapiga picha ni wanawake watupu, lakini moyo wangu bado hautulii. – Mama wa bibi harusi, Mombasa

Waalaykum salaam mama, na Mwenyezi Mungu ajaalie kheri. Moyo wako uko sawa kutotulia, maana hapo ukumbini ndo sehemu rahisi. Wapiga picha wanawake wazuri wapo Mombasa, wapo Zanzibar, wapo Dar, na wanajua kupamba kuanzia bibi harusi anapoingia mpaka anapokaa jukwaani. Swali la kuwauliza ni hili, picha zikishapigwa anakaa nani kwenye kompyuta? Kampuni nyingi zinapeleka wanawake ukumbini halafu kesho yake kadi ya kamera anapewa kijana wa kuediti, na baadaye albamu inapelekwa kuprintiwa duka lingine kabisa na wanaoshika karatasi ni wanaume. Hawakudanganyi wakisema wapiga picha ni wanawake, ila hawakuambii yaliyobaki.

Kwa hiyo waulize mmoja mmoja, nani anaediti, kwenye kompyuta ya nani, nani anaprinti, nakala zinakaa wapi na zinafutwa lini. Familia kadhaa za kwenu zinakubaliana kadi zikabidhiwe kwa mama au khalati usiku ule ule baada ya shughuli, na kuediti kufanyike na dada wa kampuni akiwa anakuja nyumbani. Inaongeza gharama, lakini kama uwezo upo basi hapa ndo pa kuuweka, kabla hata ya kufikiria albamu ya ngozi. Wakishakabidhi kazi wafute nakala zao na waandike kwamba wamefuta. Ila usiwafutishe kabla hujafungua faili zote na kuziweka sehemu mbili, disiki mbili zikae nyumba mbili tofauti.

Kingine, mpiga picha siyo hatari kubwa, simu za wageni ndo hatari. Wekeni akina dada mlangoni wakusanye simu au wazibe kamera kwa stika, na muandike kwenye kadi ya mwaliko mapema ili mtu asikasirike akifika na nguo zake nzuri akaambiwa aache simu.

Kisheria mko vizuri. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ofisi ya kamishna wake inaadhibu kweli, mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Mkataba wenu useme wazi hakuna picha, hata ya mkono wenye hina, hata ya keki, itakayotumika kwa matangazo. Kampuni itaomba punguzo liondoke kwa sababu hiyo, mpe bei yake kamili, ni haki yake, matangazo ndo yanamletea wateja.

Na kuhusu albamu ya binti, mwambie awape orodha ya watu wa kupigwa sura, mama, dada, khalati, mashangazi, kwa waliobaki wapige vitu, hina, dhahabu, asumini, mikono ya anayemvisha. Ombeni pia saa moja nyumbani mchana kabla ya kupamba, karibu na dirisha kubwa, binti na babake. Yeye ukumbini hataingia, na akishaona picha yake na mwanawe ikiwa nzuri hivyo atakuwa wa kwanza kuwatetea hao wapiga picha.

Anti, mambo yote siku hizi yako kwenye simu. Kuna haja ya kulipa milioni mbili ya albamu kweli? – Bwana harusi, Arusha

Ipo kaka. Nenda Zanzibar Mji Mkongwe uulizie Capital Art Studio aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930, utaona sura za watu waliopigwa kabla babu zetu hawajaoa na bado zinaangalika, kwa sababu ziliprintiwa na kutunzwa. Simu yako ya miaka sita iliyopita iko wapi? Ila milioni mbili isiishie kwenye boksi na kioo cha juu, uliza karatasi ni ya aina gani, isiyo na asidi ndo haigeuki njano, na usijaze picha mia mbili humo, themanini zinatosha. Zichagueni ndani ya miezi miwili baada ya harusi. Mkingoja mkasema tutachagua tukitulia, albamu haitatengenezwa, nimeona maharusi wenye watoto wawili bado studio inawapigia simu wachague.

Salaam. Naishi Muscat, asili yetu ni Unguja. Naoa mwezi wa 8 na tunataka harusi iwe nyumbani, ndoa na karamu hotelini ufukweni Paje kwa ndugu kutoka Oman, Dar na Uingereza. Mchumba wangu anamtaka mpiga picha wa Italia ambaye kazi zake ni za filamu, mwanga laini, rangi za maziwa. Uwezo upo alhamdulillah, ndege na hoteli nitamlipia. Kuna la kujua kabla sijatuma advansi? – Mtoto wa Unguja

Yapo, na mengi yanahusu bahari kuliko Mtaliano.

Hizo picha laini mchumba wako anazozipenda zinatokana na jua likiwa limeshuka. Paje iko mashariki ya kisiwa, jua linachomoza baharini na kuzama nyuma yenu kwenye minazi, kwa hiyo jioni kule hamtapata lile jua la kuzama kwenye maji. Hilo mtalipata kaskazini magharibi, Kendwa na Nungwi. Na mwezi wa 8 ni kusi, upepo unapiga upande huo huo wa Paje moja kwa moja, ndo maana wacheza kaiti wanapapenda, shela refu na meza za mishumaa ufukweni zitakuwa vita. Halafu maji. Kule mashariki maji yakitoka yanakwenda mbali, unabaki na mchanga na mashamba ya mwani, pazuri kwa macho yangu lakini kama mna picha kichwani ya bibi harusi na mawimbi miguuni tazameni jedwali la maji kupwa na kujaa kabla hamjachapa kadi. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na kutoka sana, siku za maji mafu tofauti inakuwa ndogo. Muulizeni mvuvi yeyote wa hapo, atawapa saa bila kufungua simu.

Na lipo hili ambalo Mtaliano hawezi kulijua, nusu saa ile tamu kabisa ya mwanga inaishia kwenye adhana ya Magharibi. Bwana harusi, baba, wajomba, wote mtaelekea kuswali wakati yeye ndo anatoa lenzi yake nzuri. Kwa hiyo ndoa iwe baada ya Alasiri mapema, picha zenu wawili ziishe dakika kumi na tano kabla ya Magharibi, karamu baada ya Isha. Mkitumia ratiba ya kizungu ya "picha jua likizama" mtakosa kimoja kati ya viwili.

Vibali sasa. Mgeni anayekuja kufanya kazi ya kulipwa asiingie na viza ya utalii. Ipo viza ya biashara ya dola 250 kwa kazi za muda mfupi, na vifaa vyake avitolee maelezo forodhani akiingia. Afuatilie yote haya na Uhamiaji mapema, na nyie msimwambie "sema tu umekuja kutembea", harusi nzima ikakwama kwa sababu ya mtu mmoja aliyezuiwa uwanja wa ndege na mabegi ya kamera. Akitaka kurusha droni nayo ina kibali chake, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na wiki moja kabla ya harusi si muda wa kuanza kuomba.

Filamu yenyewe ni nzuri, naipenda, rangi yake ya ngozi ikipigwa na mtu anayejua ni tamu sana. Lakini muulizeni ameshapiga maharusi wa rangi yenu kwa filamu mara ngapi na aonyeshe, maana ile "rangi ya maziwa" inapatikana kwa kuingiza mwanga mwingi, na asiyezoea anaweza kuichuja ngozi ya mchumba wako pamoja na gauni. Usiku filamu peke yake haitoshi, apige na dijitali. Na azibebe filamu hizo mkononi, asizitie kwenye mabegi yanayokwenda chini ya ndege, mashine zao za kukagua zinaziharibu.

Kama ningekuwa mimi ningemleta Mtaliano kwa ajili yenu wawili na mandhari, halafu nikamchukua mpiga picha wa Unguja kwa bei kamili, siyo kama msaidizi wa kubeba begi, yeye ashike ndoa, wazee, na upande wa wanawake kama mtatenga. Yeye anamjua nani ni kadhi na nani ni mgeni tu, anajua kabla ya wewe kusema naam lini vigelegele vitapigwa na kamera iwe imeelekea wapi, na hatamkanyaga bibi yako akitafuta engo. Waunganisheni kwa simu mwezi mmoja kabla wagawane kazi, nani yuko wapi saa ngapi. Advansi ya Mtaliano tuma ukishapata hiyo folda ya harusi nzima niliyomwambia yule wa Mbezi Beach, na mkataba useme wazi akiumwa au akikosa ndege nani anakuja badala yake na hela inarudi kiasi gani.